Mlango wa Bwana Koti

Watu hawaachi kuniuliza filamu ya mwisho ya shangazi itaonyeshwa lini. Nawajibu kwamba haijaisha. Wakiuliza itaisha lini, hapo hasira hunipanda, kwa sababu hilo ndilo swali ninaloamka nalo kila asubuhi, na sina haja ya kusaidiwa kuliuliza.

Shangazi alianza na kuta za watu. Alichora vichwa vya wanaume kwenye ukuta wa kinyozi, tairi linalotabasamu kwenye gereji, jino moja kubwa kwenye mlango wa daktari wa meno ambalo watoto waliliogopa kuliko daktari mwenyewe. Baadaye jumba la sinema likamchukua awe anachora mabango. Alikuwa anapewa picha moja ndogo ya filamu ambayo hajaiona, na yeye anaikuza mpaka inafunika upande mzima wa jengo. Huko juu ya ngazi ndiko alikoanza kuwasahihisha waongozaji. Alikuwa anashuka na brashi mkononi, anamwambia mwenye jumba, "Huyu mwanamke wamemweka katikati ya chumba kama kabati. Wangemsimamisha mlangoni, wewe usingelala." Mwenye jumba alipochoka kumsikiliza akamwambia aende akatengeneze ya kwake. Maskini, alidhani anamfanyia mzaha.

Akatengeneza, na akaendelea kutengeneza mpaka mvi zikamjaa. Hakuacha kuchora, kwa kuwa kwake zilikuwa kazi moja. Waongozaji wengine huandika, yeye alichora kila onyesho kwenye ubao wa plaiwudi, mkubwa kama mlango wa kabati, kisha akazitundika mbao zote kwa mfuatano ukutani. Waigizaji walipita wakizikodolea macho kama wanafunzi waliokuja kuangalia matokeo. "Wewe ni huyu," alikuwa anawaambia. "Simama kama huyu. Usiniletee mkono wa pili, hapa nimechora mmoja."

Filamu ikiisha, mbao zilezile zilipakwa rangi nyeupe, na juu yake filamu nyingine ikachorwa. Fundi yeyote wa rangi atakwambia kwamba ubao wa zamani hupigwa msasa kwanza, la sivyo rangi ya chini itakuja kuchomoza siku moja. Shangazi alilijua hilo kabla sijazaliwa, na alikataa katakata. "Mule ndani mna watu," alisema nilipomuuliza. "Wewe unataka nikawasugue uso?" Nilicheka, naye hakucheka. Mbao zile zilikuwa nzito kupita kiasi, na kila filamu iliziongezea uzito.

Alikuwa na mwiko mwingine, na huo ndio uliowatoa waigizaji machozi. Hakusema "Kata" mpaka kila aliyetoka kwenye picha awe amerudi. Hata kama kwenye hadithi mtu ameenda vitani moja kwa moja, mwigizaji alitakiwa ageuke huko nyuma ya seti, arudi kwa mlango uleule kamera ikiwa bado inakimbia, asimame mbele ya shangazi. Shangazi alimtazama kutoka utosini hadi vidoleni. Ndipo akasema "Kata." Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitamka neno hilo. Mpiga picha mmoja wa zamani alijisahau siku moja akalitamka, akarudishwa nyumbani na begi lake.

Mimi ndiye mhariri wake. Nilikuwa naondoa mikia hiyo yote mezani kwangu, nikinung'unika. Marehemu wanaingia wakijikuna, wapenzi walioachana wanarudi wakicheka, askari anauliza chakula kipo wapi. Nilimwona shangazi kuwa mtu mwenye kipaji kikubwa na kasoro moja ndogo, na nikajua kasoro hiyo ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa mumewe.

Sisi tulimwita Bwana Koti, kwa sababu alivaa koti la kahawia hata jua likiwa la kuchoma mtu ngozi. Alikuwa mwembamba, mpole, mzito wa kutembea, na ndiye aliyeigiza kwenye filamu ya kwanza ya shangazi. Walijenga chumba cha mbao ndani ya karakana, meza, viti, na mlango mmoja wa bluu. Nyuma ya mlango palikuwa na stoo ya rangi yenye kidirisha kimoja. Onyesho lenyewe lilikuwa rahisi kabisa. Mume anatoka kwenda kumwita daktari, mke anasubiri, mume anarudi. Bwana Koti akafungua mlango akatoka. Wakati huo kamera zilitumia mkanda, na mkanda ulikuwa unakaribia kwisha, shangazi akausikia unavyolia, akashtuka. Mgongo wa koti ulipotoweka tu, akasema "Kata."

Waliweka mkanda mpya. Wakamwita Bwana Koti arudi waendelee. Wakamwita tena. Walipofungua mlango walikuta makopo ya rangi na kidirisha kiko wazi.

Kwetu suala hilo halikuwa na utata wowote. Jamaa aliingia mitini. "Mwanaume akitaka kutoroka hahitaji kusubiri daktari," mama alikuwa anasema, akimsikitikia wifi yake kwa ulimi uleule aliomchambua nao. Baba alikufa akimtafuta shemeji yake ili amzabe kofi. Mimi nilimchukia Bwana Koti bila hata kumkumbuka vizuri. Nilimchukia kwa sababu shangazi, aliyenipa kazi, aliyenifundisha kuona, aliyenilea kila mama alipougua, hakuwahi kula chakula cha jioni bila kuangalia mlango.

Basi mwaka jana, moyo wake ukiwa umeshaanza kumsumbua na daktari ameshamwambia apumzike, akaniita nyumbani kwake akanionyesha ubao wa kwanza wa filamu mpya. Nilikitambua chumba. Ilikuwa meza ileile na mlango uleule wa bluu.

"Ule mlango upo bado," akasema. "Upo karakana. Nimeenda kuuangalia, mchwa hawajaugusa."

"Shangazi, daktari kasema nini?"

"Daktari kasema nisinyanyue vitu vizito. Wewe utaninyanyulia."

Nilikubali shingo upande. Nilitaka jambo moja tu, filamu iishe salama nimrudishe shangazi nyumbani akiwa mzima. Nililirudia moyoni kila asubuhi nikimfungulia mlango wa gari.

Mbao zikatundikwa. Kwenye ile ya kwanza, karibu na dirisha lililochorwa, niliona doa la kahawia. Nikadhani ni unyevu. Kwenye ubao uliofuata doa lilikuwa kubwa kidogo na limesogea kushoto. Fundi sauti, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, akalikwaruza kwa ukucha. "Rangi ya chini hiyo," akasema. "Inachomoza. Si hapigi msasa?"

Nikaridhika, kwa sababu lilikuwa jibu lenye akili. Bwana Koti alichorwa kwenye mbao zile filamu ya kwanza, sasa nyeupe imechoka na koti linaonekana. Nilienda kula. Katikati ya kutafuna nikakumbuka kwamba kwenye filamu ya kwanza shangazi alimchora mumewe akiondoka, mgongo umetugeukia. Nikarudi ukutani na mkono una mafuta. Doa la ubao wa tatu lilikuwa na vifungo. Nikapita ubao hadi ubao, taratibu, na katika kila mmoja yule mtu alikuwa karibu zaidi na mlango wa bluu, upande wa nje, uso umeelekea kwetu. Uso wenyewe ulikuwa bado mweupe.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia nimechoka.

Picha zilizopigwa kila siku zilipoanza kuletwa mezani kwangu, niliona ukungu wa kahawia kwenye dirisha la seti, nyuma ya bega la mwigizaji wa kike aliyeigiza mke. Nikampigia mpiga picha nikamwambia asafishe lenzi. Akaniapia kwamba lenzi ni safi kuliko roho yangu. Kesho yake ukungu ulikuwa na mkono, na mkono ulikuwa mfukoni. Nilimwita mpiga picha aje aangalie mwenyewe. Alisimama nyuma ya kiti changu, ulikuwa mchana mweupe, watu wanauza na kununua huko nje, akainama karibu na skrini, akanyooka upesi.

"Mimi sijaona kitu," akasema.

"Umeona."

"Dada, mimi nina watoto. Sijaona kitu." Na tangu hapo alipiga picha huku anatazama viatu vyake. Ajabu ni kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kama zile.

Nilienda kwa shangazi moja kwa moja. Nilimkuta karakana peke yake, amekaa mbele ya ubao wa mwisho, anachanganya rangi. Harufu ya tapentaini ilijaa mpaka macho yakaniwasha.

"Umemwona," akasema bila kugeuka.

"Nimeona rangi mbovu."

"Anatembea polepole, sivyo? Alikuwa hivyo hivyo. Hata sokoni nilikuwa nafika, nanunua, narudi, namkuta bado anaenda."

"Shangazi, alitoroka. Alipita dirishani. Kila mtu anajua."

Akaiweka brashi chini. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na rangi ambayo haitoki tena. "Nilimkatia, mwanangu. Mtu alikuwa bado yuko kazini. Onyesho lilisema anatoka na anarudi, mimi nikakata alipotoka. Sasa arudi wapi, wakati picha imeshafungwa?"

"Na akirudi?"

"Akirudi nitasema Kata. Tutaenda nyumbani."

Alilisema kwa wepesi wa mtu anayepanga kwenda kuchukua nguo kwa fundi. Niliona wivu, nakiri wazi, wivu wa kitoto kabisa, kwamba miaka yote hii nimekaa mbele yake na yeye anatazama nyuma yangu. Pia niliogopa. Nikamwomba tuache. Nilimwambia filamu tuliyonayo inatosha, nitaimalizia mezani, hakuna atakayejua kwamba onyesho la mwisho halipo. Akanishika shavu, akaniacha na alama ya bluu ya kidole usoni.

"Kesho njoo mapema," akasema. "Na uje umekula."

Ubao wa mwisho ulionyesha mlango uko wazi, meza ina birika na vikombe viwili, na mwanamke amekaa ametupa mgongo. Mlangoni hakuchora mtu. Hakukuwa na doa pia. Nilikaa nikiliangalia eneo lile jeupe, na nikaona afadhali doa lingekuwepo.

Kesho yake yule mwigizaji wa kike alikuja, akavaa gauni la onyesho, akaweka mkono kwenye kiti chake ili akivute. Akauondoa upesi.

"Kuna mtu alikuwa amekaa hapa?"

Hakuna aliyekuwa amekaa. Nilienda nikagusa. Ubao wa kiti ulikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi kutupisha. Mwigizaji akaanza kufungua vifungo vya gauni mbele ya watu wote. "Mimi naigiza," akasema, "sikai kwenye kiti cha mwenyewe." Akaondoka, na sijamlaumu hata siku moja.

Shangazi aliliokota gauni. "Nitakaa mimi."

"Na nani atasema Kata?" nikamuuliza.

"Si nitakuwa hapohapo? Mdomo siuachi nyumbani."

Tulikuwa watatu tuliobaki, mpiga picha, fundi sauti na mimi. Mabati ya karakana yalikuwa yanalia kwa joto. Shangazi alikaa, akajimiminia chai, akamimina na kikombe cha pili. Akanyoosha mkono kuashiria tuanze. Kamera ikakimbia. Yeye alikaa ametulia, nasi tukangoja kwa muda mrefu mpaka nikaanza kutumaini kwamba hakuna kitakachotokea. Nilishaanza kupanga nitakavyomfariji kwenye gari.

Fundi sauti akaweka mkono kwenye hedifoni yake. Akanitazama. Akatembeza vidole viwili juu ya goti, polepole, kimoja, kisha kingine. Nyayo.

Mlango ule wa bluu una kasoro moja. Umevimba, lazima uusukume kwa bega, na ukifunguka unapiga kelele mpaka barabarani. Siku hiyo ulifunguka bila sauti. Kwa macho yangu niliona giza la stoo tu. Kisha nikatazama kwenye skrini ya kamera, na pale kizingitini alikuwa amesimama Bwana Koti, koti limefungwa vifungo vyote, mkono mfukoni, kijana kama siku aliyotoka. Sasa alikuwa na uso. Ulikuwa uso wa mwigizaji aliyesahau kinachofuata, anayengoja aambiwe.

"Umechelewa," shangazi akamwambia. "Chai inapoa."

Hakuingia. Aliutoa mkono mfukoni akaunyoosha mbele, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Ingia wewe. Ni hapa hapa, vuka tu." Sauti ya shangazi ilikuwa ileile anayosema nayo na waigizaji waoga. "Huoni? Haya, ngoja. Ngoja nikushike mkono nikuvushe."

Nilielewa kabla hajainuka. Nilitaka kupiga ukelele, nikachelewa. Shangazi alishika ukingo wa meza, akasimama kwa shida, akaenda mlangoni kwa hatua zake za siku hizi, fupifupi. Alipofika kizingitini akageuka. Hakuiangalia kamera, aliniangalia mimi.

"Msikate," akasema. "Tunarudi sasa hivi."

Akavuka.

Tulisubiri. Chai ya pili ilikuwa bado inatoa moshi kidogo, na ikaacha. Mpiga picha akaninong'oneza, "Nikate?"

"Ukigusa hicho kidude nitakuvunja mkono."

Nikazunguka seti kwa nyuma nikaingia stoo kwa mlango wa nyuma, uliotobolewa miaka ya karibuni. Palikuwa na makopo ya rangi. Kidirisha kile alichodaiwa kupita Bwana Koti kilizibwa kwa matofali zamani, na buibui walishaweka makazi juu yake. Kwa upande wangu mlango wa bluu ulikuwa wazi, na kupitia kwake niliiona kamera, taa yake nyekundu, na wale wanaume wawili wakinitazama kwa matumaini. Hapakuwa na mtu kati yetu. Nilimwita shangazi kwa jina ambalo sijawahi kulitumia mbele yake. Nikalia, na sikujali nani ananiona.

Walikuja polisi wa kuuliza maswali, wakapima, wakagonga matofali, wakaondoka. Mama naye alikuja. Nilijiandaa kwa ulimi wake. Aliutazama mlango kwa muda mrefu, mkoba kifuani.

"Wifi alisema anarudi?"

"Alisema."

"Basi," akasema mama. Akavuta kiti, akakaa, akatoa chupa ya chai.

Mpiga picha alinifundisha namna ya kufanya kabla hajaacha kazi. Umeme wetu si wa kuaminiwa, kwa hiyo zipo kamera mbili ubavu kwa ubavu, na betri. Moja ikikaribia kuchoka, nyingine imeshashika. Picha haijakatika hata mara moja. Fundi sauti anakuja asubuhi, anakagua nyaya zake, anakaa nami bila kusema. Mbao bado zimetundikwa ukutani. Madoa yote yametoweka, mbao ni nyeupe pale Bwana Koti alipokuwa anapita, na sijamruhusu mtu yeyote azisogelee na msasa.

Jana alikuja mdhamini wa filamu. Ni mtu mstaarabu, sikuwa na sababu ya kumchukia. Alitazama kwenye skrini, kisha akasogea mbele akaangalia meza, vikombe viwili, mlango ulio wazi.

"Ni mwisho mzuri sana huu," akasema. "Anainuka, anageuka, anavuka. Huhitaji kingine. Watu watatoka ukumbini hawawezi kusema. Itakuwa kazi yake kubwa kuliko zote, na dunia itaiona. Sema tu Kata, dada. Sasa ni wewe."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Mimi ni mhariri, kazi yangu yote ni kukata, na ninajua kwa mikono yangu kwamba picha ile inaishia pale anapovuka. Kila kinachofuata ni mkia. Na niliwaza shangazi angependa ionekane, maana hakuna mchoraji anayechora ili picha igeuzwe ukutani. Nilichoka pia. Nilikuwa sijalala kitandani kwangu kwa muda mrefu. Nikafungua mdomo.

Fundi sauti akaninyooshea hedifoni.

Nikaivaa. Mwanzoni nilisikia mvumo tu wa chumba kitupu. Kisha, mbali kabisa, nyayo za watu wawili, mmoja mzito wa kutembea, mwingine wa hatua fupifupi. Sikuweza kujua kama wanakuja au wanaenda. Na ndani ya mvumo ule nikamsikia shangazi, amekasirika kidogo, kama alivyokuwa akikasirika sokoni.

"Kaza mwendo," alikuwa anamwambia. "Mtoto anatusubiri."

Nikamwomba mdhamini asogee. Alikuwa anaziba mlango.